Onyo la 1,733

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Ninatunza mradi wa wavuti ulioandikwa kwa Java, na kazi zangu zote nazifanya kwenye Eclipse, programu ya kuandikia msimbo. Tangu nilipoupokea kutoka kwa aliyenitangulia, dirisha la matatizo limejaa pembetatu za njano. Leo asubuhi yamefika maonyo 1,846. Karibu yote yanatoka kwenye faili ambazo sikuziandika mimi: jQuery na wenzake (maktaba za JavaScript), klasi zinazojizalisha kutoka kwenye faili za XSD (zinazoeleza muundo wa data ya XML), na maktaba ya kuchora misimbopau ambayo mtangulizi wangu aliinakili nzimanzima ndani ya folda ya src. Mkubwa wangu kazini amesema nizime maonyo yote ili tuanze upya. Mahali pa kuzimia nimepaona, ni kubadili kila mstari uwe “Ignore”, lakini mkono umesita. Nifanye? Au ipo njia ya kunyamazisha maktaba peke yake? (Nina tatizo jingine: ukurasa wa kuchapisha ripoti unakufa kwenye seva kwa ClassNotFoundException, yaani klasi haikupatikana, ilhali majaribio yote kwenye Eclipse yanapita. Hilo nitakuandikia siku nyingine.)

Msomaji aliyechoshwa na rangi ya njano

JIBU

Marahaba. Usizime. Mkono wako umesita kwa sababu nzuri, na sababu yenyewe umeiandika kwenye mabano bila kujua.

Utakumbuka barua yako ilipofika nilikujibu kwa mstari mmoja tu: ondoa kikomo kwenye dirisha la matatizo, kisha nitumie orodha nzima. Kwa kawaida Eclipse huonyesha vitu 100 tu katika kila kundi, na kwenye kichwa cha kundi huandika kwamba unaona 100 kati ya 1,846. Mstari huo ni mdogo na wengi hawausomi. Kompaila ya javac nayo ina tabia hiyohiyo: huchapa maonyo 100 halafu hunyamaza, mpaka uiongezee kiwango kwa -Xmaxwarns. Kwa hiyo muda wote huu umekuwa ukitazama mia moja ileile ukidhani umeona yote.

Orodha ilipofika niliipanga kwa folda nikaanza kuhesabu. Folda ya jQuery na wenzake ina maonyo 1,202. Klasi zinazojizalisha, 517. Maktaba ya misimbopau, 98. Hayo ni 1,817, na hakuna hata moja ambalo wewe unaweza kulirekebisha kwa faida. Yanabaki 29 yanayohusu msimbo wenu wenyewe na mpangilio wa mradi. Na katika hayo 29, kwenye mstari wa 1,733 wa orodha yako, lipo moja linalosema hivi: faili ya JAR (kifurushi cha klasi zilizokwisha kukompailiwa) iliyo kwenye folda ya lib inatumika wakati wa kukompaili, lakini haitapelekwa pamoja na mradi, hivyo programu huenda ikakosa klasi itakapokuwa inaendeshwa. Jina la JAR hiyo ni la maktaba mnayotumia kuchapisha ripoti.

Sasa rudi kwenye mabano yako. Tatizo uliloliweka kando kwa ajili ya siku nyingine, Eclipse imekuwa ikikueleza chanzo chake kila siku. Majaribio yanapita kwa sababu kwenye kompyuta yako JAR ipo kwenye njia ya klasi. Kwenye seva haipo. Na kwa kuwa Java haipakii klasi zote programu inapoanza, bali huitafuta kila klasi pale inapohitajika kwa mara ya kwanza, kurasa nyingine zote zinakwenda vizuri hadi mtu abonyeze kitufe cha kuchapisha.

Anza na hilo kabla ya kugusa kitu kingine. Fungua sifa za mradi, nenda “Deployment Assembly”, bonyeza “Add”, chagua “Java Build Path Entries”, kisha chagua JAR hiyo. Mradi ukipelekwa tena, itaingia ndani ya WEB-INF/lib. Angalizo moja tu: usifanye hivyo kwa JAR ambayo seva inakuja nayo yenyewe, kama ile ya servlet. Seva kama Tomcat ina yake, na mbili zikikutana ndani ya programu moja utapata matatizo yanayoshinda hilo ulilonalo.

Wahenga walisema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Ni kweli, na hapo ndipo ilipo hatari: siku mlango unaposukumwa na mgeni asiyealikwa, unalia sauti ileile. Mkubwa wako ana haki ya kuchoshwa na kelele. Dawa aliyoichagua ndiyo ninayoipinga.

Naipinga kwa sababu nimewahi kuitumia. Nilikuwa kwenye timu ya watu wanne, tumebeba msimbo wa maktaba fulani ndani ya mradi wetu kama ninyi mlivyobeba ule wa misimbopau. Maktaba ile ilifungua mikondo ya data kwa mtindo wake, na Eclipse ikawa inalalamika karibu katika kila faili kwamba kuna rasilimali haifungwi. Nikaingia “Preferences”, “Java”, “Compiler”, “Errors/Warnings”, nikautafuta mstari wa “Resource leak”, nikauweka “Ignore”. Orodha ikawa nyeupe na sote tukafurahi. Lakini mpangilio ule hauijui maktaba wala folda. Unahusu kila mradi ulio ndani ya eneo lako la kazi, isipokuwa wenye mipangilio yake wenyewe. Wiki chache baadaye mwenzetu mmoja aliandika methodi ya kusoma faili zinazoingia usiku, akafungua FileInputStream ndani ya kitanzi na hakuifunga. Kwa kawaida Eclipse ingeuchora mstari ule rangi ya njano palepale anapouandika. Haikuchora, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kuifumba mdomo. Kwenye majaribio faili zilikuwa kumi, mambo yakaenda salama. Kwenye seva ya Linux, ambako mchakato mmoja huwekewa kikomo cha faili unazoweza kushika kwa wakati mmoja, programu ilianguka katikati ya usiku ikidai faili zilizofunguliwa ni nyingi mno. Tulihangaika siku mbili, tukiilaumu diski, tukiulaumu mtandao, wakati jibu lingekuwa pembetatu moja ya njano pembeni mwa mstari.

Tangu hapo nina kanuni moja: nanyamazisha faili, sinyamazishi aina ya onyo. Kila onyo likinikera najiuliza kwanza faili hii ni ya nani. Ikiwa si yangu, nalifunga kwenye mlango wa folda ile tu. Ikiwa ni yangu, nalirekebisha.

Tuzichukue folda zako tatu kwa utaratibu huo.

Maktaba ya misimbopau iondoe kabisa kwenye src. Maktaba inapoletwa kama JAR, klasi zake zimekwisha kukompailiwa na mwenyewe, na Eclipse haizikompaili tena, kwa hiyo hayapatikani maonyo ya ndani yake. Nadhani mtangulizi wako aliinakili ili aweze kuingia ndani ya msimbo wake wakati wa kusaka hitilafu. Haja hiyo ni ya kweli, lakini haihitaji kunakili. Mradi ukiwa wa Maven (zana ya kujengea miradi ya Java), bonyeza kulia na uchague “Download Sources”. Usipokuwa wa Maven, fungua sifa za JAR yenyewe na uielekeze “Java Source Attachment” kwenye faili ya msimbo asilia. Utausoma msimbo na kuupitia hatua kwa hatua bila kuukompaili. Lakini kabla ya kufuta, tafadhali, linganisha kile kilichomo kwenye src na msimbo asilia wa toleo lilelile. Nimeona zaidi ya mara moja mtu anakili maktaba kwa sababu alibadilisha mstari mmoja ndani yake, na hakuandika popote. Ukikuta mstari wa namna hiyo, usifute. Uihamishe maktaba kwenye folda yake ya msimbo, mbali na src, kisha itendee kama klasi zinazojizalisha ninazozieleza sasa.

Zile klasi zinazojizalisha, zenye maonyo 517, usizishike kwa mkono. Nimeona kwenye orodha yako kwamba nyingi zinalalamikiwa kwa kukosa serialVersionUID (namba ya kutambulisha toleo la klasi), na ungeshawishika kuziongezea. Ukizalisha upya kutoka kwenye XSD, kazi yako yote inafutika. Hakikisha kwanza zinakaa kwenye folda yake peke yake, kisha bonyeza kulia kwenye mradi, “Build Path”, “Configure Build Path”, ukurasa wa “Source”. Ikunjue folda hiyo. Chini yake utaona mstari wa “Ignore optional compile problems”, na mbele yake neno “No”. Uchague, bonyeza “Toggle”, utageuka “Yes”. Kipengele hiki kimekuwapo tangu toleo la Juno la mwaka 2012, na bado nakutana na watu waliotumia Eclipse miaka kumi bila kukiona, kwa kuwa hujificha mpaka uikunjue folda.

Ukifungua faili ya .classpath utakuta kimeandikwa hivi:

<attribute name="ignore_optional_problems" value="true"/>

Kinachonyamazishwa hapo ni yale maonyo ambayo mtu ana hiari ya kuyawasha au kuyazima. Makosa halisi, yale yanayozuia klasi isikompailike, yatabaki mekundu kama kawaida. Siku XSD ikibadilika na klasi ikazalishwa vibaya, utaambiwa. Hilo ndilo linalonifanya niipende njia hii kuliko nyingine zote. Iingize .classpath kwenye hifadhi yenu ya Git ili wenzako wasianze tena kutoka 517. Na kila unaposasisha mradi kutoka kwenye Maven, rudi uitazame, maana zana hizo huandika upya faili hiyo na alama yako inaweza kupotea.

Folda ya jQuery ina mlango wake mwingine, kwa sababu anayelalamika huko si kompaila ya Java, ni vihakiki vya faili za wavuti. Fungua sifa za mradi, “Validation”, ruhusu mipangilio ya mradi huu peke yake. Kila kihakiki kina mstari wake, na kwenye safu ya “Settings” kina kitufe chenye nukta tatu. Bonyeza hicho, chagua “Add Exclude Group”, kisha “Add Rule”, kisha kanuni ya jina la folda au faili, na uielekeze kwenye folda inayoshika maktaba za watu. Rudia kwa kila kihakiki kinachokusumbua. Kwa orodha yako ni viwili. Wapo wanaochoka na hatua hizi wakaondoa tiki ya kihakiki chote. Wakifanya hivyo, JavaScript waliyoiandika wenyewe nayo inabaki bila mwangalizi, na tumerudi kulekule kwenye “Ignore” ya mkubwa wako.

Usishtuke ukimaliza haya na pembetatu zikawa bado zipo. Alama za zamani za vihakiki hazijiondoi. Zichague kwenye dirisha la matatizo uzifute kwa mkono, kisha bonyeza kulia kwenye mradi na uagize “Validate”. Zikirudi, kanuni uliyoandika haijaishika folda. Mara nyingi ni njia iliyokosewa.

Utabaki na 29, au 28 ukishaipeleka ile JAR. Nimeyapitia yote. Mengi ni vigeu visivyotumika na uagizaji wa klasi usiohitajika, kazi ya mchana mmoja. Matano ni ya aina nyingine: msimbo wako unaita maktaba kongwe inayorudisha List tupu, isiyosema imebeba nini, kwa kuwa iliandikwa kabla ya jeneriki (njia ya kutaja aina ya vitu vilivyomo) kuingia Java 5 mwaka 2004. Huwezi kuibadili maktaba, na wewe unajua kwa hakika kilichomo. Hapo, na hapo tu, ndipo @SuppressWarnings, alama ya kunyamazisha onyo ndani ya msimbo, inapostahili. Nimeona mtangulizi wako aliibandika juu ya klasi nzima yenye mistari mia nne. Ing'oe, uiweke juu ya kigeu kimoja:

// Hoja hii huchagua Mteja peke yake. Angalia HQL mstari wa juu.
@SuppressWarnings("unchecked")
List<Mteja> wateja = (List<Mteja>) hoja.list();

Hata maelezo rasmi ya Java yanashauri iwekwe kwenye kipengele cha ndani kabisa ambapo inafanya kazi. Na maoni ya mstari mmoja juu yake ni muhimu kama alama yenyewe, kwa sababu anayekuja baada yako hatajua ulikuwa na uhakika gani. Siku maktaba ikisasishwa na alama ikawa haina kazi tena, Eclipse inaweza kukuambia kuwa haihitajiki, nawe iondoe.

Mkubwa wako alitaka orodha nyeupe. Mpe hiyo, ukiwa umeifikisha sifuri kwa kurekebisha, na mpelekee ukurasa wa ripoti unaofanya kazi.

SWALI

Mimi situmii Eclipse kujenga mradi. Najenga kwa Maven kwenye seva ya ujenzi, na nimewasha -Xlint:all pamoja na -Werror ili onyo lolote lisimamishe kazi. Tatizo ni onyo la [path] linalodai kuna faili ya JAR haipo, na faili hiyo sijaitaja popote kwenye pom.xml, faili ya mipangilio ya Maven. Inatoka wapi?

JIBU

Imetajwa na JAR nyingine. Fungua ile unayoitumia kweli, uangalie META-INF/MANIFEST.MF. Utakuta mstari wa Class-Path unaoorodhesha majirani zake kwa majina matupu, kana kwamba zote zinakaa folda moja. Zamani zilikaa hivyo. Kwenye hifadhi ya Maven kila JAR ina folda yake, kwa hiyo javac inamtafuta jirani mlango wa pili na hamkuti. Hakuna kilichoharibika, kwani jirani huyo, ikiwa anahitajika, Maven imekwisha kumleta kwa njia yake.

Andika -Xlint:all,-path. Alama ya kutoa mbele ya jina ndiyo inayoitoa aina hiyo moja na kuziacha nyingine zote. Najua hapa navunja kanuni niliyoisema hapo juu, nanyamazisha aina badala ya faili, na gharama yake ni kwamba javac haitakuonya tena ukikosea njia uliyoiandika mwenyewe. Lakini kwenye Maven huiandiki wewe, anaiandika Maven, na ikikosekana klasi kweli ujenzi utasimama kwa kosa. Ungekuwa unaita javac kwa mkono nisingekushauri hivi.

SWALI

Tumehamia Java 24 na sasa kila programu inapoanza inaandika mistari minne ya onyo kuhusu sun.misc.Unsafe, klasi ya ndani ya Java inayogusa kumbukumbu ya kompyuta moja kwa moja. Msimbo wetu hauigusi Unsafe kabisa. Tuzime vipi?

JIBU

Kuna swichi, nitakupa, ila soma kwanza mstari wa pili wa onyo lenyewe. Umetaja klasi iliyoita na JAR iliyotoka. Huyo ndiye mwenye onyo.

Kwenye JDK 23, yaani toleo la 23 la Java, mwaka 2024, methodi za Unsafe zinazogusa kumbukumbu zilitangazwa kuwa zitaondolewa siku zijazo, na JDK 24 ya Machi 2025 ndiyo iliyoanza kuonya zinapoitwa. Hatua inayofuata ni kukataa kabisa: maktaba itakayoziita itarushiwa kosa. Kwa hiyo onyo hili ni la maktaba, ila tofauti na yale 1,202 ya jQuery, linakuhusu, kwa sababu siku ikifika itakayoanguka ni programu yako.

Tafuta toleo jipya la maktaba hiyo kwanza. Baadhi zimekwisha kuacha kutumia Unsafe, na sasisho moja litamaliza habari. Kisha ujue kwamba Java huonya mara moja tu, kwa mwitaji wa kwanza. Ukimwondoa huyo, anaweza kujitokeza wa pili aliyekuwa nyuma yake. Ili uwaone wote kwa pamoja, endesha majaribio yako kwa --sun-misc-unsafe-memory-access=debug, itakuonyesha kila mwito na ulikotoka. Ukiweka deny mahali pa debug, utaona leo jinsi programu itakavyokuwa siku methodi hizo zitakapokataliwa.

Ikiwa maktaba haina toleo jipya bado na mistari hiyo inachafua daftari la matukio (log) la seva yenu, tumia allow kwenye swichi hiyohiyo. Iandike kwenye hati ya kuanzishia programu, na pembeni yake uandike jina la JAR na toleo lake, ili atakayeisasisha maktaba hiyo ajue kwamba swichi nayo inaondoka siku hiyohiyo.